Tsuda Umeko: msichana aliyerudi kwao bila lugha

Kama wewe ni mfanyabiashara wa mpakani, basi unazijua noti kuliko watu wengi wa benki. Kwa siku moja mkono wako unashika faranga ya Burundi, shilingi ya Tanzania, faranga ya Kongo na pengine dola, na kwa kuipapasa tu unajua ipi ni nzima na ipi imechoka. Lakini ni mara chache tunajiuliza yule mtu aliyechorwa kwenye noti alikuwa nani, na alifanya jambo gani hata taifa likaamua kumpitisha katika mikono ya kila mwananchi.

Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya. Ile ya yen 5,000 ina sura ya mwanamke anayeitwa Tsuda Umeko. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Tsuda ni ukoo na Umeko ndilo jina lake. Mama huyu alifariki mwaka 1929, zamani sana, na hakuwahi kufika pande zetu hizi. Nimechagua kusimulia maisha yake kwa sababu moja tu. Alikuwa mwenzetu. Alitolewa kwao akiwa mtoto mdogo, akakulia ugenini, akasomea ugenini, na siku aliporudi hakuweza kuzungumza na mama yake mzazi.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, huko Mpanda, Tanzania, nikasoma kwa Kiswahili na Kiingereza, nikarudi Burundi mwaka 2008. Kwa hiyo niliposoma habari za binti huyu sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Yeye alikuwa Mjapani wa karne nyingine, lakini aibu ya kuchekwa unapofungua mdomo nyumbani kwenu haina karne.

Mtoto aliyeitwa Mume

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1864 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Baba yake, Tsuda Sen, alikuwa mkalimani wa Kiingereza katika serikali ya ukoo wa Tokugawa uliotawala Japani kwa zaidi ya miaka 250. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa amengoja mtoto wa kiume, na alipoambiwa amepata msichana wa pili alitoka nyumbani kwa hasira bila kumpa mtoto jina. Mama yake, Hatsuko, akautazama mti mdogo uliopandwa kwenye chungu karibu na kitanda chake. Ulikuwa mti wa ume, wa jamii ya plamu, ambao huchanua wakati baridi bado ni kali. Akampa mtoto jina la mti huo, na kwa matamshi ya wakati ule likawa Mume. Sisi wa Kiswahili tutacheka, maana binti aliyeitwa Mume hakuolewa maisha yake yote. Jina la Umeko alijiandikisha rasmi mwaka 1902 akiwa mtu mzima.

Mwaka 1868 serikali ya Tokugawa ilianguka, na nchi ikaingia katika zama za Mfalme Meiji. Waliokuwa watumishi wa utawala ule wakapoteza kazi na heshima. Tsuda Sen naye akawa mmoja wa walioshindwa. Alikuwa amekwenda Marekani mwaka 1867 akiwa katika ujumbe wa serikali, na alirudi akiamini kwamba nguvu ya nchi ile ilitoka katika kilimo chake na shule zake. Akageukia kilimo, akalima mboga na matunda ya kigeni.

Mwaka 1871 mkuu mmoja wa serikali mpya, Kuroda Kiyotaka, aliyekuwa katika ofisi ya kuendeleza kisiwa cha Hokkaido, alitembelea Marekani. Akashangazwa na wanawake wa huko, jinsi walivyosoma na kuzungumza na wanaume bila woga. Akashauri serikali ipeleke wasichana wakasome huko kwa miaka 10, ili wakirudi wawalee watoto wa Japani kwa akili mpya. Serikali ingelipa gharama zote, pamoja na posho ya dola 800 kwa mwaka kwa kila msichana. Tangazo la kwanza halikupata hata mzazi mmoja. Nani angempeleka binti yake baharini kwa miaka 10 na kumtarajia arudi bado anafaa kuolewa? Lilipotolewa tena, wakajitokeza watano.

Angalia, msomaji, ni wazazi gani waliokubali. Wote watano walitoka katika familia za upande ulioshindwa mwaka 1868. Mwenye shamba kubwa na cheo hapeleki mtoto wake kusikojulikana. Aliyepoteza kila kitu ndiye huweka akiba yake ya mwisho katika elimu ya mtoto. Wengi wetu tuliokulia makambini tunalijua jambo hilo kwa kuliona kwa wazazi wetu.

Wasichana watano na meli moja

Tarehe 23 Desemba 1871 meli ya moshi iitwayo America iling'oa nanga Yokohama. Ilibeba ujumbe mkubwa wa Balozi Iwakura Tomomi, watu zaidi ya 100 pamoja na wanafunzi, waliokwenda kuzitazama Marekani na Ulaya zinavyoendeshwa. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja mwanasiasa, Ito Hirobumi, ambaye tutakutana naye tena. Wasichana wawili wakubwa, Yoshimasu Ryoko na Ueda Teiko, walikuwa na miaka 14 hivi. Yamakawa Sutematsu alikuwa na miaka 11, na Nagai Shigeko alikuwa mdogo kidogo kwake. Umeko alikuwa na miaka 6, akatimiza 7 akiwa katikati ya bahari.

Habari za Sutematsu nazo zinatia uchungu. Mwaka 1868 alikuwa mtoto ndani ya ngome ya Aizu ilipozingirwa na majeshi ya serikali mpya na kupigwa mizinga. Kabla ya safari mama yake alimbadilisha jina. Sutematsu ni jina lenye sauti ya maneno mawili, kutupa na kungoja. Mama alikuwa akimtupa mtoto wake baharini huku akimngoja arudi.

Walifika San Francisco tarehe 15 Januari 1872, wakavuka bara lote kwa treni, wakakwamishwa na theluji njiani, na tarehe 29 Februari wakaingia Washington. Mwakilishi wa Japani pale, Mori Arinori, alipokiona kitoto kile cha miaka 7 alikuwa na haki ya kujiuliza serikali yake ilifikiri nini. Kabla mwaka haujaisha wale wawili wakubwa walirudishwa nyumbani kwa sababu ya afya. Wakabaki watatu, nao wakagawanywa. Sutematsu na Shigeko walipelekwa kwa familia mbili za Connecticut. Umeko alibaki Georgetown, Washington, katika nyumba ya Charles Lanman, mwandishi aliyefanya kazi katika ubalozi wa Japani, na mkewe Adeline.

Wazee hao hawakuwa na mtoto. Wakampenda binti huyu kama wa kumzaa. Nyumba ilijaa vitabu na picha, naye akasoma, akapiga piano, akacheza tenisi. Mwaka 1873, kwa kutaka mwenyewe, alibatizwa akawa Mkristo. Alisoma shule za Washington hadi mwaka 1882, akifanya vizuri katika hesabu, sayansi na lugha.

Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimtoka kidogo kidogo bila kelele. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye Kijapani. Kwa Sutematsu ilikuwa afadhali, kwa sababu kaka yake Kenjiro alikuwa akisoma Yale, katika mji uleule, naye alimlazimisha dada yake kujifunza lugha yao kila wiki, apende asipende. Umeko hakuwa na kaka wa kumsumbua. Miaka 11 ilitosha. Alipofikisha miaka 17, lugha ya mama ilikuwa imekwisha kabisa kinywani mwake.

Nyumbani kusikojulikana

Novemba 1882 Umeko na Sutematsu waliteremka Yokohama. Shigeko alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Umeko akapelekwa nyumbani kwa baba yake, akawakuta wadogo zake waliozaliwa akiwa hayupo, wakimtazama kama mgeni kutoka nje. Baba alijua Kiingereza, kwa hiyo akawa mkalimani kati ya mke wake na binti yake. Fikiria mama aliyengoja miaka 11, na mtoto anarudi, na kila neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu.

Ikabidi ajifunze upya mambo ambayo mtoto wa miaka 3 anayajua. Kuvua viatu mlangoni. Kukaa sakafuni kwa kukunja miguu hadi ganzi iingie. Kuinama kwa kipimo, maana mzee hainamiwi kama rika. Kujua maneno ya kumwambia mkubwa na maneno ya kumwambia mdogo, kwa sababu Kijapani kina daraja za heshima, na kosa moja la kitenzi hukufanya uonekane mtu asiyelelewa. Kusoma gazeti lao kunahitaji kujua maelfu ya herufi. Mambo hayo yote aliyamimina katika barua kwa Bi. Adeline Lanman, mamia ya barua kwa miaka mingi. Zilikuja kugunduliwa mwaka 1984 katika dari ya jengo moja la chuo chake, na kwa barua hizo ndipo tunamjua kwa ndani.

Jambo lililomuumiza zaidi halikuwa lugha. Ofisi iliyomtuma ilikuwa imefungwa mwaka uleule wa 1882. Hakuna mtu serikalini aliyekuwa na mpango na wasichana wale. Wanaume waliosoma nje walirudi wakapewa vyeo, na Kenjiro, kaka yake Sutematsu, alikuwa tayari mwalimu wa chuo kikuu. Kwa wasichana, taifa lilikuwa limetumia fedha za miaka 10 kisha likasahau lilitaka nini. Umeko aliona kwamba ana deni kwa nchi yake, lakini hakumwona wa kumlipa.

Njia pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ndoa. Shigeko aliolewa na ofisa wa jeshi la majini aliyesoma Marekani, akawa mwalimu wa muziki. Sutematsu, aliyemaliza chuo cha Vassar mwaka 1882, aliposwa na Waziri wa Jeshi, Oyama Iwao, mjane mwenye mabinti watatu. Oyama huyo ndiye aliyekuwa ofisa wa mizinga katika jeshi lililoishambulia ngome ya Aizu mwaka 1868, wakati Sutematsu akiwa mtoto ndani yake. Familia ilikataa kwanza. Sutematsu mwenyewe alimchunguza mtu huyo, akakubali, na Novemba 1883 wakaoana. Umeko alibaki peke yake. Aliwaambia nyumbani wasimletee tena habari za mchumba.

Kujifunza nyumbani kama mgeni

Mwishoni mwa mwaka 1883, katika tafrija moja ya wakubwa, mtu mmoja alimsogelea akamuuliza kama anamkumbuka. Alikuwa Ito Hirobumi wa kwenye meli, sasa kiongozi mkubwa ambaye mwaka 1885 angekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Ito akamtafutia kazi mbili. Akae nyumbani kwake amfundishe mkewe na bintiye Kiingereza na desturi za Magharibi, na afundishe katika shule ya Bi. Shimoda Utako, mwanamke msomi wa lugha na mashairi ya Kijapani. Shimoda naye akamfundisha Umeko Kijapani. Wakawa walimu wa wao kwa wao. Binti wa miaka 19 akarudi kwenye dawati kuisoma lugha yake kama lugha ya kigeni.

Mwaka 1885 ilifunguliwa shule ya serikali ya mabinti wa watu wa daraja la juu, na Umeko akaajiriwa humo. Kwa nje ilikuwa kazi ya heshima. Kwa ndani ilimchosha. Wanafunzi wake walikuwa watiifu na wapole, lakini walisoma wakingoja kuolewa, na walijifunza kusikiliza kuliko kufikiri. Akaona kwamba yeye mwenyewe hajasoma vya kutosha kubadili jambo hilo. Akaomba ruhusa arudi Marekani, safari hii kwa hiari yake, kusoma chuo kikuu.

Kuanzia mwaka 1889 hadi 1892 alikuwa Bryn Mawr, chuo kikuu cha wanawake karibu na Philadelphia, akisaidiwa na mama mmoja wa mji huo, Mary Morris. Alichukua bayolojia. Pamoja na mwalimu wake Thomas Hunt Morgan, ambaye mwaka 1933 alipata Tuzo ya Nobel, alifanya utafiti kuhusu yai la chura, na matokeo yakachapishwa katika jarida la sayansi la Uingereza mwaka 1894. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kijapani kuandika katika jarida la namna hiyo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu somo kubwa alilolipata katika miaka ile halikuwa chini ya hadubini. Rafiki yake, Alice Bacon, ambaye wazazi wake walimlea Sutematsu, alikuwa amefundisha Tokyo mwaka mmoja, na sasa alikuwa akiandika kitabu kuhusu wasichana na wanawake wa Japani. Alice alikuwa mwalimu huko Hampton, Virginia, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Umeko alikwenda kwake wakati wa likizo ya kiangazi, wakakaa pamoja, yeye akieleza, akisahihisha, akijibu maswali. Kitabu kilitoka mwaka 1891. Jina la Umeko halikuwekwa kwenye jalada. Alice alimshukuru katika utangulizi.

Ili kumweleza mgeni nchi yako lazima uitazame vizuri. Sura baada ya sura wakapitia utoto, shule, ndoa na talaka, uzee, maisha ya ikulu, maisha ya wake wa mashujaa wa zamani, watumishi wa ndani, wanawake wa shambani. Wakaona jambo ambalo mtu wa daraja la juu asingeliona kwa urahisi. Mke wa mkubwa, mwenye hariri na watumishi, alikuwa na sauti ndogo nyumbani kuliko mke wa mkulima aliyeshika jembe bega kwa bega na mumewe. Na pale ambapo mwanamke alileta fedha, kama kwenye maeneo ya ufugaji wa viwavi wa hariri, heshima yake ilipanda. Upande wa pili wakaona talaka. Mume angeweza kumrudisha mkewe kwao kwa urahisi, na watoto wakabaki katika nyumba ya baba. Mwanamke asiye na chake alivumilia lolote asiwapoteze.

Akina mama mnaopita mpakani na magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese, ninyi hamhitaji kitabu kulijua hilo. Lakini Umeko alikuwa amelelewa kwa fedha za serikali na kufundisha mabinti wa vigogo. Ilibidi aende mbali ili aione nchi yake kuanzia chini. Hapo ndipo swali lake likabadilika. Kumfundisha msichana adabu nzuri na Kiingereza cha mezani hakutoshi. Apewe elimu itakayomwezesha kuishi kwa kazi yake.

Kabla ya kuondoka alizunguka akina mama wa Philadelphia akikusanya fedha, hadi ukapatikana mfuko wa dola 8,000. Faida yake ingemsomesha msichana mmoja wa Kijapani baada ya mwingine. Mfuko ule ulifanya kazi kwa miongo kadhaa. Chuo chake kilimtaka abaki aendelee na utafiti. Alikataa, akapanda meli, Agosti 1892 akawa Tokyo.

Shule ya wanafunzi 10

Alirudi kwenye kazi yake ya zamani, akaifanya miaka mingine kadhaa. Mwaka 1898 alisafiri tena, akafika Marekani na Uingereza, akakutana na Helen Keller, binti kipofu na kiziwi aliyekuwa akisoma, na Florence Nightingale, mama wa uuguzi, aliyekuwa mzee sana kitandani. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri kwamba kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana. Umeko aliona mlango. Shule zitajengwa, na shule zinahitaji walimu. Kwa nini walimu hao wasiwe wanawake?

Mwaka 1900 akaacha kazi ya serikali, akaacha mshahara wa uhakika na cheo, akiwa na miaka 35. Jamaa zake wengi walimwona amepotea. Tarehe 14 Septemba alifungua shule ya Kiingereza ya wanawake katika nyumba ya kupanga, mtaa wa Ichibancho, Tokyo. Wanafunzi walikuwa 10. Alice Bacon alivuka bahari kuja kufundisha bila mshahara. Sutematsu, sasa mke wa jenerali mkubwa, alitoa jina na msaada wake. Siku ya ufunguzi Umeko aliwaeleza wasichana kwamba majengo na vitabu vina kazi yake, lakini shule ni ujuzi wa mwalimu na bidii ya mwanafunzi, na kwamba kila mtu ana akili yake na hawezi kufundishwa kwa kundi kubwa kama askari wa gwaride. Akawaonya pia wasijione bora kuliko wengine kwa sababu wanajua lugha ya wazungu.

Alikuwa mwalimu mkali. Matamshi yalirudiwa hadi yanyooke. Aliyekuja bila kuandaa somo alijuta. Lakini pia hakumpenda mwanafunzi anayengoja kuambiwa afikiri nini. Na yeye, aliyerudi na viatu na gauni mwaka 1882, picha nyingi za miaka hiyo zinamwonyesha katika kimono.

Kipimo cha shule kilikuwa mtihani wa serikali wa cheti cha ualimu wa Kiingereza, mtihani mgumu uliotawaliwa na wanaume. Wanafunzi wake wakaanza kuupita. Mwaka 1905 wizara iliipa shule hiyo ruhusa ambayo hakuna shule nyingine ya wanawake iliyokuwa nayo, kwamba wahitimu wake wapewe cheti bila kufanya mtihani ule. Tangu hapo binti wa Tsuda aliweza kupelekwa mkoa wowote, akafundisha, akalipwa, akajitegemea.

Tusimpambe kupita kiasi. Shule yake ilikuwa ndogo, na waliofika humo hawakuwa mabinti wa maskini kabisa. Hakupenda siasa za harakati. Hiratsuka Raicho, aliyewahi kusoma hapo kwa muda, alipoanzisha jarida la wanawake la Seito mwaka 1911, Umeko hakulikubali, akiogopa kelele zile zingeharibu kidogo kilichokwisha kupatikana. Vijana walimwona amebaki nyuma. Hata hivyo katika wanafunzi wake alitoka Yamakawa Kikue, mwanaharakati ambaye mwaka 1947 alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanawake katika Wizara ya Kazi. Mwalimu hupanda, hachagui ua litafungukia upande gani.

Mwaka 1917 ugonjwa wa kisukari ulimlaza, na mwaka 1919 akaacha uongozi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliipiga Tokyo, na moto uliofuata ukateketeza shule. Rafiki yake Anna Hartshorne, Mmarekani aliyefundisha hapo tangu mwaka 1902, alisafiri kwao kuomba michango, na kwa miaka kadhaa ikapatikana karibu dola 500,000. Shule ilihamia Kodaira, magharibi mwa Tokyo, mwaka 1931. Mwenyewe hakuiona. Alifariki Kamakura tarehe 16 Agosti 1929, akiwa na miaka 64. Katika shajara yake mstari wa mwisho ni wa maneno machache tu, kwamba usiku uliopita kulikuwa na dhoruba. Aliuandika kwa Kiingereza. Maisha yake yote aliyofundisha Japani, lugha ya moyo wake haikurudi kuwa ile ya mama yake.

Mwaka 1948 shule ya wanafunzi 10 ikawa chuo kikuu, na kiongozi wake alikuwa Hoshino Ai, mwanafunzi wake aliyesomeshwa Bryn Mawr kwa ule mfuko wa dola 8,000. Kaburi la Umeko limo ndani ya kiwanja cha chuo hicho.

Deni na malipo yake

Niliporudi mwaka 2008 nilipewa darasa katika shule moja, na siku ya kwanza mkutano wa walimu ukaendeshwa kwa Kifaransa, kisha utani ukafuata kwa Kirundi cha haraka. Nilicheka wenzangu walipocheka, bila kuelewa. Jioni nilirudi nyumbani nikaazima daftari la darasa la kwanza la mtoto wa jirani. Sikumjua Tsuda Umeko wakati huo. Ningemjua, ningelifungua daftari lile kwa aibu ndogo zaidi.

Waswahili husema mkosa kwao mtumwa. Sisi tuliorudi tulidhani kukanyaga ardhi ya wazee kunatosha kuwa na kwao. Maisha ya mama huyu yanaonyesha kwamba kwao hujifunzwa, kwa kalamu na kwa kuvumilia kuchekwa, kama somo lolote gumu. Na kile ulichokichukua ugenini si cha kuficha wala cha kujivunia juu ya wenzako. Umeko hakukuta nafasi iliyoandaliwa kwa ajili yake. Alipanga nyumba, akaweka madawati, akaita wasichana 10.

Mzazi unayelea watoto wako ng'ambo ya mpaka, msumbue mtoto kwa lugha yake kama Kenjiro alivyomsumbua dada yake. Na wewe uliyerudi na Kiswahili chako, Kiingereza chako au ufundi wako, usingoje ofisi iliyokuleta ikukumbuke. Huenda imefungwa. Tafuta watu 10 wanaohitaji unachokijua, uanze nao.